Safari ya Kwenda Kuishika Theluji

Mwanangu Neema,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kigoda cha jikoni. Mlango nimeuacha wazi, na kutoka hapa naiona miguu yako tu ikitokeza chini ya lori. Baba yako amechuchumaa karibu yako. Anakupa spana kabla hujaiomba, nawe unaipokea bila kumtazama. Manyunyu yamekatika, ila ukungu bado umeukalia Meru, na baridi hii ya Juni imenifanya nivae sweta mbili. Kesho asubuhi mnaondoka, nami nimeona nikuandikie sasa hivi, kabla giza halijaingia na kabla hamjaja ndani kutaka chai.

Sitakuandikia habari za kula vizuri, wala kuvaa soksi, wala kutompa mtu usiyemjua lifti. Hayo nimekuimbia tangu unaanza shule ya msingi na najua umeshayachoka. Nguo zako za baridi nimezikunja, ziko kitandani, utaziona. Ninachotaka kukuandikia ni mambo mawili matatu ambayo mdomoni yamenishinda, kwa sababu kila nikikukaribia unanipa kitu nikushikie.

Nianze na siku ile uliyorudi na habari. Uliingia ukiwa na grisi mpaka kwenye sikio, ukasema, "Shikamoo mama. Nimepata kazi. Nitaendesha lori la Mzee Aloyce. Tunakwenda Lesotho."

Nikakuuliza, "Kubeba nini?"

"Hatubebi kitu. Tunampeleka Mama Consolata kushika theluji."

Nikacheka. Nilicheka mpaka nikashika meza. Mzee Aloyce namfahamu miaka mingi, kama mji mzima unavyomfahamu: Mchaga wa kutoka Marangu, ameuza vifaa vya ujenzi pale mjini mpaka nywele zikawa nyeupe, mtu asiyetupa hata msumari uliopinda. Kwamba mtu huyo amechukua lori lake la kubebea saruji, akalijengea chumba mgongoni chenye vitanda, jiko, sinki na bafu, ili avuke nchi nzima nzima na mke wake kwenda kugusa barafu ya angani, niliona ni kichekesho. Wewe hukucheka. Ulisimama ukingoja nimalize, kisha ukaenda kunawa.

Nilipomaliza kucheka nikaingiwa na hofu. Huko mnakokwenda nakujua. Ninyi mnaona ramani, mimi naiona barabara. Na msimu mnaoutaka ndio ule wenyewe, kipupwe cha kusini, wakati maji huko juu milimani yanaganda ndani ya mabomba. Nikakwambia hapana. Nikasema Mzee atafute dereva mwanaume mwenye umri. Ulinijibu kwa heshima, "Sawa mama, nimesikia," na asubuhi yake nikakukuta kwenye karakana ya baba yako hapa uani unapima tangi la maji la lori hilo hilo.

Basi nilifanya jambo ambalo sijakwambia. Nilivaa gauni la kanisani nikaenda Engutoto, nyumbani kwa Mama Consolata, kumwomba akuachie. Nilijipanga njia nzima. Nilimkuta amekaa barazani anachambua maharage kwa vidole, bila kuyatazama. Yaani anapapasa harage moja moja, bovu analitupa, zima analiweka.

"Shikamoo mama," nikamwambia.

"Marahaba. Huyo ni nani? Sogea upande huu wa kulia, huu wa kushoto umeshazimika."

Nikasogea. Nikamwambia mimi ni mama yake Neema. Akafurahi, akaniita nikae, akaagiza chai. Ndipo akanieleza kuhusu presha ya macho, kwamba daktari amemwambia kilichokwisha kuondoka hakirudi, na kilichobaki kinaondoka taratibu. Alisema hivyo kama mtu anayekueleza bei ya nyanya. Kisha akasema:

"Mimi nimezaliwa naiona Kibo, Mama Neema. Mlango wa nyumba yetu ulikuwa unaitazama. Ukitoka kukamua ng'ombe, iko pale, nyeupe. Ukitumwa majani, iko pale. Bibi yetu alikuwa anatuambia pale juu hapaendeki. Halafu wazungu wakawa wanapita mbele ya shamba letu, kaka zangu wanawabebea mizigo, wanakwenda na kurudi. Kumbe panaendeka! Nikamwomba kaka yangu aniletee kipande cha ile nyeupe. Akaniahidi. Akapanda na chupa ya chai, akaijaza huko juu, akaifunga vizuri, akashuka nayo."

"Ikawaje?"

"Nikafungua, nikakuta maji." Akacheka peke yake. "Nikayanywa. Yalikuwa maji tu, kama ya mfereji wetu. Nililia mpaka mama akanichapa."

Akaendelea kuchambua maharage yake.

"Nilipokuwa na magoti nilikuwa na watoto na duka. Watoto wakaisha kulelewa, magoti yakaisha. Sasa ni macho. Halafu mjukuu akanionyesha kwenye simu, kuna nchi huko kusini gari linapanda mpaka kwenye theluji yenyewe, unafungua mlango unakanyaga. Aloyce akasema tutakwenda. Mimi nataka niione nikiwa bado naona, na niishike hukohuko kabla haijawa maji."

Nilikuwa na maneno yangu ya kuombea uachiwe, yote yameshapangika mdomoni. Badala yake nikauliza, "Kwa nini umemchagua Neema wangu? Madereva wamejaa mji huu."

Akasema, "Kwa sababu nilipomwambia, hakucheka."

Neema mwanangu, nilirudi nyumbani kwa miguu kipande kirefu kabla sijapanda gari. Nilipofika nilikuja moja kwa moja karakana, nikasimama nyuma yako, nikasema, "Mabomba ya maji ya hili lori mmeyafanyia nini kuhusu baridi?" Uligeuka ukanitazama muda mrefu. Hukusema asante mama, hukusema umekubali. Ulisema tu, "Njoo uone." Hiyo ndiyo ilikuwa ruhusa yangu, na ulivyoipokea bila kelele nilikupenda zaidi.

Kilichofuata unakijua, lakini nataka ukione kwa macho yangu.

Mzee Aloyce alikuwa na haraka. Alikuja na kofia yake na fimbo, akazunguka lori, akakukuta umelala chini unafungua mabomba aliyoyafunga fundi wake. "Binti," akasema, "haya mabomba nimeyauza mimi mwenyewe. Nusu ya nyumba za Themi zinakunywa maji kwa mabomba yangu. Hakuna hata moja lililorudishwa. Kwa nini unayafumua?"

Ukatoka chini ukajifuta mikono. "Mzee, sibishi. Ni mazuri. Ila hapa hayajawahi kuona baridi ya kugandisha. Naomba tuyajaribu kwanza."

"Utaijaribu wapi baridi, Sakina hapa?"

"Kwenye friza ya mama."

Nikashtuka, maana barafu zangu za ukwaju zilikuwa zimejaa na wanafunzi wangekuja saa ya mapumziko. Lakini nilizitoa zote. Ulikata vipande vya mabomba: viwili vya shaba, kimoja cha plastiki ngumu, na kipande cha mpira laini. Ukavijaza maji mpaka juu, isipokuwa kimoja cha shaba ambacho ulikitia maji nusu. Ukaviziba ncha zote kabisa. Ukavilaza mle ndani kama watoto wachanga, ukafunga kifuniko, na baba yako akaweka juu yake jiwe, sijui alidhani vitatoroka.

Asubuhi Mzee alikuja na Mama Consolata, amemshika mkono. Tukasimama wote kuizunguka friza. Ulipofungua, ule moshi wa baridi ukapanda, na kwa muda hatukuona kitu. Kisha ukatoa bomba la shaba lililokuwa limejaa.

Lilikuwa limepasuka. Hapana, kupasuka si neno. Lilikuwa limefunuka kwa urefu, kama ganda la harage, na katika ule ufa barafu imetokeza, nyembamba, nyeupe, kama ulimi. Shaba ile! Mzee alilipokea kwa mikono miwili. Alivua kofia. Mtu aliyeuza mabomba maisha yake yote alisimama pale kwenye baridi ya Juni na mvi zake, akiligeuza geuza.

"Maji ndiyo yamefanya hivi? Maji haya haya? Bila nyundo?"

"Maji haya haya, mzee. Yakiganda yanataka nafasi. Yasipopewa, yanajitengenezea."

La plastiki lilikuwa limechanika. Mpira ulikuwa mgumu kama rungu, lakini mzima. Kisha ukatoa kile kipande cha shaba ulichokitia maji nusu. Kilikuwa kizima, hakina hata alama. Ulimpa Mzee akishike mkono wa pili, moja limefunuka na moja zima, akavilinganisha kwa muda mrefu sana.

Mama Consolata aliomba lile lililopasuka. Akalisogeza kwenye jicho lake la kulia, karibu kabisa, mpaka pua ikagusa barafu. "Ee Ruwa," akasema kwa Kichaga, akimtaja Mungu. Kisha akamgeukia mumewe. "Aloyce, hivi sisi tumekulia chini ya kitu chenye nguvu hivi, na kimekaa kimya siku zote?"

Nami nilikuwa nimesimama nimeshika barafu za ukwaju kwenye beseni, vidole vimekufa ganzi, na sikuzisikia. Miaka mingapi nimeuza barafu? Sikuwahi kuiogopa mpaka asubuhi ile.

Tangu hapo Mzee hakukuharakisha tena. Amekaa kwenye tairi bovu siku nzima nzima anakutazama, anauliza kama mwanafunzi. Nami nimekutazama pia, kupitia mlango huu. Nimekuona ukiihamisha pampu kutoka nje ukaiweka ndani, chini ya kitanda, mahali ambapo joto la watu litaifikia. Nimekuona ukiyavisha mabomba sponji na juu ya sponji vipande vya blanketi letu la zamani. Nimekuona ukitafuta mahali pa chini kabisa pa kila bomba na kuweka koki hapo, ili maji yote yatoke yenyewe yakiambiwa yatoke. Na jana ulipofanya jaribio la mwisho, ulifungua koki zote, ukamwaga tangi, ukamwaga na lile tangi dogo la maji moto, ukaunganisha kompresa ya baba yako kwa upepo mdogo, usije ukaumiza viungo vya mabomba. Mabomba yakakohoa. Sinki likatema mate, bafu likakoroma, kisha kimoja baada ya kingine vikanyamaza, ukabaki upepo mtupu. Ukasema, zaidi kwako mwenyewe kuliko kwetu, "Likilala hivi, baridi haina cha kushika."

Niliingia ndani nikajifanya natafuta chumvi. Mtoto huyu nimemzaa mimi, niliwaza, na maneno haya ameyapata wapi?

Siku ya friza uliniuliza, "Mama, wewe ulijuaje kuhusu mabomba kuganda?" Nikakwambia niliwahi kuona zamani, nilipokuwa mpishi wa magari ya watalii. Hiyo ni robo ya habari. Sasa chukua iliyobaki.

Nilikuwa na baba yako. Yeye ndiye alikuwa dereva na mimi mpishi, tumeoana hatuna hata mwaka. Lilikuwa lori kubwa la watalii, tumetoka nalo Arusha, tumekwenda tukishuka nchi baada ya nchi, na mimi nilijiona najua kila kitu. Tukapanda milima ya Lesotho jioni, upepo unapuliza, tukalala kwenye uwanda wa juu ambako hakuna mti hata mmoja. Hatukumwaga maji. Hakuna aliyetuambia, wala hatukuuliza.

Asubuhi nilitoka kuwasha jiko, nikasimama. Sijui nikueleze vipi. Dunia yote ilikuwa imegeuka. Sakitu, ule umande ulioganda, ilikuwa imeshika kila jani, kila jiwe, kila kamba ya hema, vyote vyeupe na vyote vinang'aa, na jua ndio kwanza linachungulia. Nilikanyaga nyasi zikavunjika kama vioo vyembamba. Nikainua mguu, nikaogopa kuurudisha chini. Hapakuwa na sauti ya ndege, wala mdudu, wala jani. Nilimwita baba yako kwa kunong'ona, kama tuko kanisani. Alitoka, akatazama, akanishika bega.

Kisha nikakumbuka chai ya watu. Nikafungua bomba, kimya. Nikawasha pampu, ikalia. Baba yako akasema, "Iache kidogo, tungoje jua." Mimi si mtu wa kungoja, unanijua. Nikaiwasha tena na tena mpaka ikatoa harufu ya kuungua ikanyamaza. Birika nalo lilikuwa limeganda, nikaliweka kwenye gesi, barafu ikayeyuka ikachemka, nikaenda kuyamwaga yale maji ya moto juu ya bomba ili lifunguke kwa lazima. Nilisikia tu, ta! Nikajiunguza na mkono. Jua lilipopanda na barafu ya ndani ikalegea, maji yote ya tangi yalitoka kwenye ufa ule, yakaingia ardhini sisi tukiwa tunatazama upande wa pili. Tulipogeuka, palikuwa na tope tu.

Baba yako alikuja mbio. Nikajua atafoka, na alikuwa na haki. Akachukua mkono wangu akautazama. "Umeungua sana?" Hilo ndilo aliloniuliza. Mpaka leo hajawahi kuniuliza lingine kuhusu asubuhi ile. Ukimpata mtu ambaye swali lake la kwanza ni hilo, mwangalie mara mbili.

Nimefikiri sana juu ya birika lile nilipokuwa nakulea. Ulipogoma kusomea uhasibu, ukanyamaza kimya mezani, nilikuwa na namna yangu ya kukumwagia maji ya moto. Nilisema maneno. Niliwaita mpaka wachungaji. Wewe hukupasuka, ni kwa rehema tu, au ni kwa sababu baba yako alikuwa amekuachia nafasi mahali fulani ambapo mimi sikupaona. Sikuandikii hili ili uniambie yameisha. Nakuandikia kwa sababu utakuwa na watu wawili wazee ndani ya lori, na kuna asubuhi watakuwa wagumu, na wewe una damu yangu. Subiri jua.

Narudi kule. Tumekaa hatuna maji, watalii wamejifunika mablanketi, hawasemi lakini nyuso zinasema. Akatokea mwanamke. Alikuwa mtu mzima kunizidi, amejitanda blanketi zito limefungwa kwa pini kubwa, mkononi ana ndoo na kishoka. Akatazama tope, akatazama bomba, akanitazama mimi.

"Metsi?" akauliza.

Sikuwa najua neno moja la lugha yao. Lakini nililisikia lile neno, Neema, nikalisikia vizuri kabisa, kama mtu ameniita kwa jina la utotoni. "Maji," nikamwambia. "Maji."

"Metsi," akasema, akitikisa kichwa.

"Maji."

Tukacheka wote wawili. Kutoka mguu wa Meru mpaka pale, sijui ni nchi ngapi na makabila mangapi, na bado neno lilikuwa ndugu. Akanipa ishara nimfuate. Nikachukua ndoo zangu.

Alinishusha kwenye bonde dogo lenye kivuli. Nikaona kijito, lakini kilikuwa jiwe. Cheupe, kigumu, kimelala kimekufa. Nilifikiri amekosea, au hakunielewa. Yeye akapiga magoti, akainama, akaweka sikio juu ya barafu. Kisha akanivuta mkono nami nifanye hivyo hivyo. Nikapiga magoti. Nikaweka sikio. Baridi iliniuma mpaka kwenye taya.

Na nikayasikia. Chini ya jiwe lile maji yalikuwa yanakwenda. Yanakwenda na yanaongea, taratibu, kama watu walioko chumba cha pili. Sijawahi kusikia kitu kama kile kabla wala baadaye. Nilikaa pale nimeinama kama mtu anayesujudu, sitaki kuinuka, na machozi yakinitoka yakinata shavuni.

Akavunja barafu kwa mgongo wa kishoka. Maji yakapanda, meusi na masafi, yanafuka moshi. Akachota kwa kiganja akanipa. Nikanywa, meno yakauma, na mara hiyo hiyo tumbo likanigeuka, nikatapika pembeni kwenye nyasi. Niliona aibu. Nikaonyesha kwa mikono kwamba ni urefu wa mlima, ni kichwa, ni uchovu.

Yeye alinitazama usoni. Akanitazama macho, akanitazama shingo. Kisha akaingiza mkono wake ndani ya koti langu, akauweka tumboni, hapa chini, ukakaa. Mkono ulikuwa wa moto, sijui aliupatia wapi moto. Akasema maneno mengi kwa upole, na sikuelewa hata moja. Akacheka, akanipiga bega, akanijazia ndoo zangu, na akanikataza nisizibebe. Alizibeba yeye mpaka kwenye lori, na yake kichwani.

Tuliporudi Tanzania, tukalala Mbeya, bado natapika. Baba yako akanipeleka zahanati. Muuguzi akanipima, akatabasamu, akasema, "Hongera." Ndipo nikamkumbuka yule mama na mkono wake, na nikakaa kwenye benchi la zahanati nikauweka wangu pale pale.

Kwa hiyo ujue hivyo, Neema. Mtu wa kwanza duniani kujua kwamba upo hakuwa mimi. Wala hakuwa baba yako. Alikuwa mwanamke ambaye sikuwahi kulijua jina lake, kwenye mlima ambao nilidhani hauna uhai, na alikufurahia kabla sijakufurahia mimi. Pengine aliniambia, "Ni msichana." Pengine aliniambia jina. Nimeishi na maneno yale bila kuyaelewa, na sijachoka kuyashangaa.

Sikutumi umtafute. Nchi ni kubwa na miaka imepita. Nilichokuwa nataka uelewe ni kwa nini nilisema hapana, na kwa nini sasa nasema nenda. Nilikuwa naogopa baridi ile itakuchukua. Nikasahau kwamba mimi baridi ile ilinipa.

Siku mtakayofika kwenye theluji, simamisha lori mbali kidogo, uzime injini. Mmwache Mama Consolata ashuke mwenyewe, mshike kiwiko tu. Usimwelekeze. Usimwambie ndiyo hii. Mabomba yako yatakuwa matupu na salama, huna la kukagua, kwa hiyo usiangalie mabomba. Mwangalie uso wake. Atainama, na magoti yake yatamsumbua, naye Mzee atataka kumsaidia. Wape muda wao. Kisha akishaishika, ikiwa mkononi mwake bado nyeupe, nawe vua glavu.

Baba yako ananiita. Anasema mnajaza tangi kwa ajili ya nchi za joto zilizoko mbele kabla hamjafika juu, na hakuna mtu wa kushika mpira wa maji. Nakuja, mwanangu. Naacha kalamu, nakuja kushika mpira.

Mama yako